Anayelinda Wengine Usiku, Naye Analindwa na Nani?

Mwezi huu tunaongea habari za watu ambao tunawaona kila siku lakini afya yao hatuiulizi: polisi wa kituo cha kambi, pamoja na sungusungu wetu wanaozunguka usiku. Hatuandiki ili kuwasifu, wala hatuandiki ili kuwasema. Tunaandika kuhusu mwili wa mtu anayefanya kazi hiyo, na kuhusu nyumba anayorudi asubuhi.

Habari yenyewe ilianzia darasani. Muhula uliopita sisi walimu wa mwaka wa tano tuliwapa watoto insha yenye kichwa "Mtu ninayemwogopa". Tulifikiri wataandika juu ya mchawi, au juu ya mwalimu wa hesabu. Kumbe wengi waliandika juu ya polisi. Mmoja aliandika jinsi mjomba wake alivyokamatwa akitafuta kuni nje ya kambi bila kibali. Mwingine aliandika juu ya kizuizi cha barabarani kule kwetu Kongo, ambacho yeye hakukiona, amesimuliwa tu na mama yake. Hayo hayakutushangaza sana. Lakini insha moja ilitunyamazisha sote. Msichana mmoja aliandika sentensi tano tu. Alisema anamwogopa baba yake. Baba ni sungusungu, analala mchana, na mtoto akiangusha sahani baba anaruka kitandani kama mtu aliyepigwa, kisha anafoka. Akamaliza hivi: "Zamani baba alikuwa anacheka."

Tulikwenda kuwatembelea, si kwa kuwashitaki bali kwa kuwajulia hali. Wazazi wametukubalia tuandike, ila majina tusiyataje. Baba huyo amelinda usiku kwa miaka sita. Alitueleza kwamba kichwa kinamuuma kisogoni karibu kila asubuhi, anameza vidonge vya maumivu, maisha yanaendelea. Mama alisema mengine ambayo baba hakuyasema: kwamba siku hizi mumewe hakai ndani bila kuupa ukuta mgongo, na kwamba tangu usiku ule alipomkuta kijana amejinyonga, hataki hata watoto wacheze na kamba. Tulipomwuliza kama amewahi kupimwa presha, alicheka kidogo. "Presha ni ugonjwa wa wakubwa wenye matumbo," akasema. "Mimi na mgao huu presha itoke wapi?"

Tulimwomba, akakubali. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuja na kile kipimo cha mkononi. Kilisoma 178 juu ya 112. Akapumzika, akapimwa tena, hali ikawa ile ile. Kesho yake alikuwa kwenye foleni ya hospitali. Ndipo tukaona kwamba jambo hili si la nyumba moja.

Kazi hiyo inabeba nini

Polisi anaitwa pale ambapo wengine wanakimbia. Penye ugomvi wa panga, penye maiti, penye mtoto aliyenajisiwa, penye nyumba inayoungua, yeye ndiye anayetakiwa afike. Huo ni mzigo wa kwanza, na kila mtu anauona.

Mzigo wa pili hauonekani. Ni zamu ndefu, likizo inayokataliwa, uhamisho wa ghafla, mkubwa anayemfokea mbele ya watu, vifaa ambavyo havitoshi, na mshahara unaoisha kabla ya mwezi. Wataalamu waliochunguza maisha ya polisi katika nchi mbalimbali wameona kwamba mambo haya ya ofisini yanawachosha askari sawa na hatari za barabarani, na kwa wengine yanawachosha zaidi. Hatari huja na kupita, lakini mambo ya ofisini yapo kila siku.

Jirani zetu wa Kenya wameliongelea wazi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Philip Ransley kilichunguza hali ya polisi mwaka 2009, na kikaeleza pamoja na mengine makazi duni ya askari. Kulikuwa na familia zilizokuwa zikigawana chumba kimoja na kutenganishwa na pazia tu. Hebu fikiria, unatoka kwenye maiti barabarani, unarudi mahali ambapo hata kulia huwezi kwa sababu jirani yuko nyuma ya pazia. Desemba 2022 kikaundwa kikosi kazi kingine, kikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, ambacho kilikabidhi ripoti yake Novemba 2023. Nacho kilirudia habari za mishahara, makazi na hali ngumu ya maisha ya askari.

Huku kambini mambo yana sura yake. Polisi wengi wa kituo ni watu waliopangiwa kazi mbali na kwao. Mke na watoto wako mkoa mwingine, yeye yuko hapa kwenye vumbi, analinda watu ambao lugha yao ya nyumbani haijui.

Na sungusungu je? Wengine mtakuwa hamjui kwamba jina hilo ni la wadudu, wale chungu weusi wanaouma vikali. Ulinzi wenyewe ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, wanavijiji walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, kisha ukaenea Tanzania na hata ukaingia kambini. Sungusungu wetu hana bunduki. Ana tochi, filimbi na fimbo, na mwisho wa mwezi anapata motisha ndogo. Ila shida yake kubwa ni hii: polisi akimaliza zamu anarudi kituoni, lakini sungusungu anarudi kwenye mstari ule ule wa nyumba. Mtu aliyemkamata jana usiku, leo yuko naye kwenye foleni ya maji. Kesho watapanga mstari mmoja kwenye mgao. Mke wa yule aliyekamatwa hamsalimii mke wake. Watoto wao wanakaa benchi moja shuleni, na huko nako wanachokozana. Kwa hiyo zamu ya sungusungu haiishi alfajiri.

Mwilini kunatokea nini

Mungu ametuumba na kengele ndani ya mwili. Ukisikia filimbi usiku au ukelele wa "mwizi!", mwili unamwaga homoni inayoitwa adrenalini. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakwenda miguuni na mikononi ili ukimbie au upigane. Baadaye kidogo inafuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo inaachia sukari kwenye damu ili nguvu zisiishe. Tumbo linapunguza kazi yake, maana huo si wakati wa kusaga chakula.

Kengele hiyo si ugonjwa. Ndiyo iliyotuokoa wengi wetu tulipokimbia. Hatari ikiisha, mwili unatulia baada ya muda na mtu anaweza kulala. Shida inakuja pale kengele inapolia leo, kesho, na keshokutwa, miezi na miaka. Hapo presha inapanda na inaweza isishuke tena kama zamani. Mishipa ya damu inakuwa migumu. Sukari na mafuta vinabaki juu kwenye damu. Usingizi unakatika. Kinga ya mwili inalegea, mafua na vidonda vidogo vinachelewa kupona. Mtu anakuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kukumbuka.

Kuna wanaosema mawazo ndiyo yanayoleta vidonda vya tumbo. Hapo tuseme vizuri. Vidonda vingi husababishwa na aina ya bakteria, na vingine na vidonge vya maumivu vinavyomezwa ovyo kwa muda mrefu. Mawazo yanaweza kuongeza maumivu, lakini dawa ya bakteria ipo. Kwa hiyo usikae na tumbo lako miaka mitatu ukisema "ni mawazo tu". Nenda ukapimwe.

Usiku nao una mambo yake. Mwili una saa yake inayofuata jua. Mtu wa zamu ya usiku anauambia mwili uamke wakati unataka kulala, na ulale wakati jua linawaka, watoto wanacheza, na turubai la paa limekuwa kama tanuri. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi. Walinzi tulioongea nao walisema wanapata 3 au 4, tena za kukatika-katika.

Walichokiona Buffalo

Mji wa Buffalo uko jimbo la New York, Marekani. Baadhi yenu mnaujua kwa jina, maana ni mji ambao familia nyingi za wakimbizi, wakiwemo Wakongo, zilipelekwa kwa mpango wa nchi ya tatu. Huko kuna mtafiti anayeitwa John Violanti, ambaye kabla ya kufundisha chuo kikuu alikuwa polisi wa jimbo kwa zaidi ya miaka 20. Yeye na wenzake waliwachunguza polisi 464 wa mji huo. Waliwapima presha, sukari, mafuta ya damu, na mishipa ya shingo. Walipima kotisoli kwenye mate, na waliwavalisha mkononi kifaa kama saa kinachoonyesha mtu amelala kiasi gani.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalikuwa haya. Kati ya polisi 100, 40 walikuwa na unene wa kupita kiasi, wakati kwa wafanyakazi wengine wa Marekani ni 32. Zaidi ya polisi 25 katika 100 walikuwa na mkusanyiko wa dalili mbaya kwa pamoja, yaani tumbo kubwa, presha, sukari na mafuta ya damu. Kwa wafanyakazi wengine hawakufika 19. Polisi wanaume waliosema wana msongo mkubwa zaidi walikuwa na uwezekano wa kulala vibaya karibu mara 6 kuliko wenzao, na wanawake karibu mara 4. Waliofanya zamu za usiku huku wakilala kidogo au wakiongezewa saa za kazi, dalili zao zilikuwa nyingi zaidi.

Msomaji ataniuliza: hao wanapanda magari na kula nyama, sisi tunatembea kwa miguu na kula ugali wa mgao, tunafananaje? Kweli, unene si shida yetu kubwa. Lakini presha haiangalii unene peke yake. Mtu mwembamba anaipata pia, hasa akiwa na msongo, chumvi nyingi, pombe, sigara, na wazazi waliokuwa nayo. Yule baba wa insha ni mwembamba kama fimbo yake.

Nyumbani ndipo panapolipa

Mtu aliyezoea kukaa tayari usiku kucha hawezi kuvua hali hiyo mlangoni kama anavyovua viatu. Anaingia nayo. Anawahoji watoto kama watuhumiwa. Akiulizwa pesa ya sabuni anasikia kama anatukanwa. Wengine wananyamaza kabisa, na mke anafikiri labda ana mwanamke mwingine. Wengine wanapitia kwenye gongo kabla ya kufika nyumbani, wakisema linawasaidia kulala. Pombe inaangusha mtu haraka, ni kweli, lakini inakata usingizi katikati, na presha inapanda.

Hapa lazima tuseme wazi jambo moja, maana wapo watakaotuelewa vibaya. Kujua kwamba polisi au sungusungu ana msongo si kusema kwamba ana ruhusa ya kupiga. Mtu akipigwa bila kosa, mama akiombwa rushwa, mtoto akionewa, hayo ni makosa na yapelekwe kwa wahusika. Mke anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie eti kwa sababu baba amechoka. Wengi wetu tuna sababu za kuogopa sare, na sababu hizo hazifutwi na habari ya gazeti. Tunachosema ni kwamba mtu akisaidiwa mapema, kabla mwili na hasira havijamshinda, tunapona wote: yeye, nyumba yake, na yule atakayekutana naye usiku.

Dalili za kuangalia

Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote. Ndiyo maana kipimo ni cha lazima. Kwa mtu mzima, vipimo vikirudia kuwa 140 juu ya 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu na inahitaji mganga. Lakini msongo wenyewe unaweza kuonekana na watu wa nyumbani kabla mhusika hajakubali. Angalieni haya:

Halali hata akipata nafasi, au anaota ndoto za jambo lile lile na kuamka anatoka jasho.

Anashtuka kwa sauti ndogo, kama sufuria au mlango.

Amebadilika: aliyekuwa anaongea amenyamaza, aliyekuwa mpole anafoka.

Ameacha mambo aliyoyapenda, kama kwaya, mpira, au kukaa na wenzake.

Anakunywa au anavuta kuliko zamani.

Hali hizi zikikaa zaidi ya mwezi baada ya tukio baya, asiachwe. Na mtu akianza kusema "bora nife" au "mngekuwa salama bila mimi", msimcheke na msimwache peke yake. Wekeni mbali kamba, dawa na vitu vya hatari, mkae naye, na mmpeleke kwa mganga au mshauri siku hiyo hiyo.

Pia kuna hali isiyosubiri kesho: uso ukipinda upande mmoja ghafla, mkono mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi. Maumivu makali ya kifua nayo ni hatari. Hapo ni hospitali mara moja, hata usiku wa manane. Tusimpitishe kwanza kwa mganga wa mizizi.

Tufanye nini

Kwa walinzi wenyewe: pimeni presha, hata kama mnajisikia wazima. Mkiandikiwa dawa, msiache kwa sababu kichwa kimepona, na msigawane vidonge na jirani, maana dawa yake si yako. Kabla ya zamu, lala hata saa moja jioni. Usiku kula kidogo, chakula kizito kile mapema. Mkikutana na jambo baya, msiagane alfajiri kimya kimya. Kaeni dakika chache, kila mmoja aseme alichokiona. Asiyetaka kusema asilazimishwe, ila ajue nafasi ipo.

Kwa familia: usingizi wa mchana wa mlinzi ni usingizi, si uvivu. Zibeni dirisha kwa kitenge kizito. Watoto wacheze upande wa jirani mpaka saa 7 mchana, na siku nyingine watoto wa jirani waje kwenu. Punguzeni chumvi: kwa mtu mmoja, kwa siku, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile ya kwenye sombe na samaki mkavu. Akiamka, msimpokee na orodha ya matatizo. Mwacheni anawe, ale, ndipo muongee.

Kwa viongozi wa vijiji na wakuu wa walinzi: zamu zizunguke, asiwe mtu yule yule wa usiku mwaka mzima. Aliyekuta maiti au kupigwa apewe siku za kupumzika bila kunyimwa motisha. Na anayesema "nimechoka kichwani" asiitwe mwoga.

Kwa sisi wengine wote: salamu haina gharama. Mlinzi akikosea tumshitaki, lakini akifanya vizuri tumwambie pia.

Yule baba

Wasomaji watataka kujua mwisho wa yule baba. Mwisho haujafika. Anameza dawa kila siku, na kipimo cha mwisho kilikuwa 148 juu ya 94, bado kiko juu. Mkuu wake amemweka zamu ya mchana wiki mbili kwa kila mwezi, si zaidi, kwa sababu watu ni wachache. Ameonana na mshauri mara tatu. Habari ya kijana aliyejinyonga ameiongelea mara moja tu.

Binti yake bado ni mwanafunzi wetu. Hatujampa insha nyingine juu ya baba yake, tumeona tusimsumbue. Lakini Jumatatu iliyopita alifika darasani kachelewa, na tulipomwuliza alisema alikuwa anamsubiri baba amalize chai ili waende pamoja mpaka kona ya bomba. Hatukumwandikia kosa la kuchelewa.

Ndugu wasomaji, wenzetu wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye mlinzi nyumbani kwake, ampeleke kupimwa mwezi huu huu. Hospitali ya kambi inapima bila malipo, na wahudumu wa afya wa vijiji wana vipimo.